Kuni Nilizopeleka Houston

Nilisimama kabla sijajua kwamba nimesimama. Viti vya ukumbi wa mikutano wa jiji pale Mansfield, kando ya Dallas, ni vya plastiki, na ukivisukuma nyuma vinalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Changu kililia hivyo, na bwana wa kampuni ya kukata miti akanyamaza katikati ya maneno. Alikuwa na shati safi na karatasi mkononi. Alikuwa ametoka kuwaambia wakubwa, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani, kwamba kampuni yake ilisaga kila gogo palepale kando ya kijito, na kwamba kama mdudu anayeua miti ya ash amefika Houston, basi waulizwe watu wanaozunguka na magogo kwa ajili ya vikapu vyao. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Watu wa vikapu pale kwetu walikuwa Miss Verna na wale watatu aliowafundisha, na Miss Verna alikuwa na wiki tatu kaburini. Mwenyekiti akainamisha kichwa akaandika. Hicho ndicho kilichonimaliza, kumwona anaandika. "Uongo!" nikapiga kelele, na ikatoka kwa Kiswahili. Binti yangu Shiko, aliyekuwa na miaka sita, akanivuta sketi. "Mom, they can't understand you." Basi nikasema kwa Kiingereza, na nikasema yote. Kuni zilizompeleka mdudu Houston hazikubebwa na watu wa vikapu. Nilizibeba mimi, kwa gari letu, na nilizitoa kwenye rundo ambalo kampuni ya huyo bwana ililiwekea kibao cha BURE.

Imepita miaka mitano. Wiki iliyopita dada yangu Njeri alinipigia simu kutoka Houston. Hakusalimia. Alisema tu, "Wanaukata leo," akaiweka simu dirishani nisikie msumeno. Ni mti wa ash uliokuwa nyuma ya nyumba yake, uliofunika ua mzima kwa kivuli, na mara ya mwisho nilipouona ulikuwa na majani kwenye matawi mawili tu, mengine yamebaki mifupa. Njeri hajawahi kunilaumu, na hilo linaniudhi kuliko lawama. Nilisikiliza ule msumeno nikiwa nimesimama kwenye maegesho ya duka, maziwa yanapata joto mkononi, watu wananipita na vitoroli vyao, nikajua nitaandika. Sijaandika kitu kirefu kuliko fomu ya kazi tangu nimalize kidato cha nne. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nilifikaje Texas, ya kufika hapa kila mtu anayo yake. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka wa kumtunza Miss Verna, nilipokuwa na miaka ishirini na sita na hasira nyingi kuliko akili.

Nilianza kwake Januari. Wakala anayetugawia kazi za kutunza wazee majumbani aliniambia, "Ni mama mmoja mzee, mguu mbaya, mdomo mbaya." Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito kutoka kwenye apartment zetu, nyumba ndogo ya mbao yenye harufu ya kahawa na ya maji ya mto. Alifungua mlango akiwa ameegemea fimbo yenye miguu minne, akanitazama kuanzia viatu. "Aliyekuja kabla yako alikuwa anasali kila saa. Wewe unasali?" Nikamwambia nikiwa kazini sisali. "Ingia." Nilikwenda bafuni kumtayarishia maji nikakuta beseni la kuogea limejaa mikanda ya mti, mirefu, myembamba, imelala majini imejikunja kama tambi. "Miss Verna, sasa nitakuogeshea wapi?" Akajibu kutoka jikoni, "Huko kuna wageni. Niogeshe kwenye sinki, mimi si mrefu." Nikamwogesha palepale jikoni, amekaa kwenye kiti, miguu ndani ya ndoo, na muda wote ule hakuweka chini kikombe chake cha kahawa. Nilipomkausha mgongo aliniuliza natoka wapi na nilikujaje. Nikamwambia kwa ndege, tiketi ya kuja tu. "Sisi walituleta kwa basi," akasema. "Tiketi ya kuja tu."

Miss Verna alikuwa wa wale Wenyeji, watu waliokuwa kwenye nchi hii kabla ya wote. Shuleni sisi tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu, na mimi kwa ujinga wangu nikamwambia. Akakunja mkono wa sweta, akauweka mkono wake kando ya wangu. "Nionyeshe huo wekundu." Nikauangalia, nikasema uko karibu na chai ya maziwa. Alicheka mpaka akakohoa. Watu wake ni wa kaskazini, kwenye mabwawa na baridi, na serikali iliwahamishia Dallas yeye akiwa msichana mdogo. Kwao mti wa ash ndio vikapu, na vikapu ndio kila kitu, vya samaki, vya watoto wachanga, vya zawadi. Unachukua gogo, unalimenya gamba lote, kisha unalipiga kwa kisogo cha shoka siku nzima, juu mpaka chini, unarudi tena, mpaka mti wenyewe unaachia ukanda mmoja. Ukanda huo ni mwaka mmoja wa maisha yake. Mwaka wa mvua unatoka mnene, mwaka wa kiangazi unatoka kama karatasi. Ash ya Texas si ile ya kwao, alisema, hii ni kaidi, lakini ukiibembeleza inakubali. Ya mdudu hakunieleza wakati huo, kwa sababu wakati wa baridi mdudu hana kazi. Hilo nimejirudia mara elfu. Alinieleza vikapu, ya mdudu aliyaacha yangoje kwanza.

Februari Njeri alifanyiwa ruracio, yaani watu wa mume wake kuja kwetu rasmi na mahari, na kwa sababu sisi wote tuko huku, ilifanyiwa nyumbani kwake Houston. Mbuzi walipatikana. Shida ikawa kuni. Mjomba wetu Gathogo, ambaye ndiye aliyesimama mahali pa wazee, alikataa kabisa jiko la gesi. "Mbuzi wa ruracio hachomwi kwa gesi," akaniambia kwenye simu. "Gesi ni ya kupasha maharagwe. Mnataka wale watu wakasimulie kwamba walikula mbuzi wa mabomba?" Njeri naye akanyakua simu, "Muthoni, huku kuni zinauzwa zimefungwa kwa plastiki kama maua. Angalia huko kwenu." Na kweli, wiki hiyohiyo kampuni ilikuwa inakata miti iliyokauka kando ya kijito nyuma ya apartment zetu. Miti ilikuwa imekauka kutoka kileleni, lakini mimi nilijua nini? Miti hufa. Kando ya maegesho kulikuwa na rundo kubwa limepasuliwa vizuri, na ubao umeandikwa kwa rangi, BURE. Nikapita mara ya kwanza. Nikarudi. Sisi tumelelewa na mama zetu wakipinda mgongo kwa mzigo wa kuni, na kuni kavu, zimepasuliwa, za bure, haziwezi kuachwa zikiangaliwa. Nikamuuliza mfanyakazi aliyekuwa pale kama kuna neno. Akazungusha mkono. "Chukua, mama, ni safi, zimepimwa." Nikapakia pickup ya mume wangu mpaka springi zikalala, nikaendesha kwa saa nne mpaka Houston nikiimba.

Ile ruracio ilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo hata kama inaniuma. Mjomba Gathogo alisimama mbele ya ule moto na kofia yake, akageuza nyama, akawaambia wageni, "Huyu mtoto wetu ametembea na kuni kutoka Dallas! Nyinyi mmetembea na nini?" Wakacheka, wakaahidi mbuzi mmoja zaidi ili waturidhishe. Mahali pale tulipokaa palikuwa chini ya ule mti wa Njeri. Na kuni zilizobaki, ambazo zilikuwa nyingi, tulizipanga vizuri, mimi na Njeri, tukaziegemeza kwenye shina la mti huohuo ili mvua isizipige sana. Tulisema tutazitumia Krismasi.

Mwezi wa nne ndipo nilipopata kazi ya pili ndani ya kazi. Kulikuwa na kijana wa ofisi ya misitu ya jimbo, jina lake Cody, shingo imeungua jua, mpole, anayesema "ma'am" hata kwa Shiko. Ofisi yake na Wenyeji wa hapa walikuwa wamekubaliana kuitunza miti ya ash ya kijito kile pamoja. Jimbo lilileta dawa, mitego na mashine. Wenyeji, na kwa upande wetu hiyo ilikuwa Miss Verna, walichagua miti ya kuokoa, wakaokota mbegu, na wakapewa kibali cha kuchukua magogo ya miti iliyokatwa, mradi yamemenywa gamba palepale. Mimi nilikwenda kwa sababu yeye hawezi kutembea peke yake, na nikaishia kuwa ninayeandika namba za miti kwenye karatasi, kwa sababu mwandiko wa Cody ni aibu. Mara ya kwanza walibishana mbele yangu kama mume na mke. Cody alitaka kupiga dawa mti mkubwa, wenye kichwa kipana, wa picha. Miss Verna akaelekeza fimbo kwenye mmoja umeinama juu ya maji, gamba limechubuka. "Ule ni dume. Atakupa kivuli. Huyu ni mama, ameshika mbegu tangu mwaka jana, hata kuziacha hataki." Cody akasema fomu inataka mti wenye umbo zuri. "Kwenye fomu yako," akasema Miss Verna, "mimi nisingepata dawa." Kisha akatoa tumbaku kidogo mfukoni, akaiweka kwenye mzizi, akaongea na mti kwa lugha yake, polepole, hana haraka na mtu. Cody alivua kofia. Alikuwa ameshazoea. Baadaye tu ndipo alipotoboa shina chini, kuzunguka, na kuingiza dawa, na nikaona kwenye karatasi yake, kwenye nafasi ya maelezo, amekwisha kuandika neno moja, "Tulisubiri."

Siku ileile ndipo nilipomwambia Miss Verna, tukila chapati zangu kwenye ngazi ya jikoni, kwamba dada yangu ana mti kama huu Houston. Alizipenda chapati zangu, alisema ni kama mkate wao wa kukaanga, ila huu umeacha dhambi ya mafuta mengi. Akauliza Houston wapi. Nikamweleza mtaa wa Njeri, upande wa kaskazini, nyuma kuna mtaro na ng'ambo ya mtaro ni msitu. Akaacha kutafuna, kwa furaha. "Ule msitu ni wetu!" Kumbe kichaka kile cha ash, kwenye ardhi ya jimbo, ndicho walichookotea mbegu kila vuli, yeye na Cody na Wenyeji wengine, kwa sababu mdudu hakuwa amefika huko. Akanieleza bila kupamba. Miti ya Mansfield wanaichelewesha kufa tu. Dawa inarudiwa, siku moja itaisha, au watu watachoka. Mbegu za Houston ndizo zitakazopandwa mdudu akishamaliza kula na kuondoka, na wao wote wakiwa wamekufa. "Mwambie dada yako ana majirani wazuri," akasema. Nikacheka. Nilikuwa bado sijui. Nilicheka na mafuta ya chapati mdomoni.

Nilijua mwezi wa tano. Cody alikuwa ameangusha mti mmoja uliokufa, akachomeka patasi chini ya gamba akalivua kama soksi. Chini yake mti wote ulikuwa umechorwa, mistari inayopinda na kurudi, kama daftari la mtoto anayejifunza kuandika. Mwisho wa mstari mmoja kulikuwa na funza mweupe, bapa. Shiko akasema kwa kinyaa, "Ew, gross," akasogea karibu zaidi. Cody akatuonyesha matundu ambayo mdudu mkubwa hutokea, madogo, upande mmoja yamenyooka. Nikauliza, kwa udadisi tu, mdudu mdogo hivi anaendaje mbali. "Haendi mbali," akasema Cody. "Akiruka, anaruka kidogo. Anayemsafirisha ni mtu mwenye kuni. Funza hukaa ndani hata ukizipasua, hata zikikauka, kisha machipuko yakija anatoka." Miss Verna akatema mate pembeni. "Ndiyo maana kila kitu kinasagwa hapahapa," akasema, "na mtu akitoka na kuni kwenye kaunti hii mimi mwenyewe nitampiga na hii fimbo." Nilikuwa nimeshika kalamu. Nakumbuka niliandika namba ya mti ule mara mbili. Nakumbuka pia kwamba hewa ilikuwa na harufu nzuri, ya mti mbichi, na kwamba niliinama kumfunga Shiko viatu ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari.

Nilimpigia Njeri nikamwambia achome kuni zote leo. Akauliza za nini, kuna joto. "Choma tu!" Alizichoma, na aliponiambia zilikuwa na vitundu vidogo vidogo, nilikata simu. Mume wangu nilimweleza akiwa njiani na lori, nikasikia akipunguza mwendo. "Muthoni, umemwambia mtu?" Nikasema bado. "Basi nyamaza. Makaratasi yetu ya kukaa nchini yako kwenye meza ya mtu huko uhamiaji. Unataka afungue kompyuta akute jina lako na kosa la serikali?" Nikasema ni makosa ya kampuni, wao ndio walioweka kibao. "Kampuni ina mawakili. Wewe una mimi. Utasema ukweli wote unaotaka tukishapata kadi za ukaazi." Hakuwa mtu mbaya, na si mbaya hata leo. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilinifaa, nikajifunika nayo.

Juni mtego wa kule Houston ulishika. Mitego yenyewe ni visanduku vya rangi ya zambarau vyenye gundi, vinavyoning'inizwa mtini. Cody alikuja nyumbani kwa Miss Verna na kichupa, akakiweka mezani kati ya sukari na dawa zake za presha. Ndani kulikuwa na mdudu mmoja, kijani, anang'aa kama kucha zilizopakwa rangi za arusi. Miss Verna alimgeuza kwenye mwanga. "Mzuri, mshenzi huyu," akasema. Sikuwahi kumwona akilia na sikumwona siku ile. Aliamka, akaenda bafuni, akafunga mlango, na tukasikia akigeuzageuza mikanda yake majini kwa muda mrefu sana. Cody alikaa anatazama viganja vyake. Mimi niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Kabla Julai haijaisha iliamuliwa kwamba miti ya kichaka kile yenye dalili ikatwe, na iliyoizunguka pia, na kwamba mbegu zisitoke tena pale. Vuli ile hakuna aliyekwenda kuokota.

Nilimwambia Miss Verna Agosti. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni, kwa hiyo sikulazimika kumtazama usoni. Nilisema yote, ruracio, mjomba, kibao, mti wa Njeri. Aliondoa mguu wake mikononi mwangu. "Nenda nyumbani," akasema. Nikaenda. Kesho yake ilikuwa zamu yangu, nikarudi, nikidhani mlango hautafunguliwa. Ulikuwa wazi. Akanionyesha gogo uani na shoka. "Piga." Nilipiga gogo lile mpaka mikono ikatoa malengelenge, katika jua la Texas la mwezi wa nane, yeye amekaa kivulini na kahawa yake, hasemi neno isipokuwa "juu zaidi" na "unapiga kama unaomba radhi". Ukanda wa kwanza ulipoachia, aliuvuta mwenyewe, akauangalia, akaniuliza kama nimeshawaambia wale wa jimbo. Nikasema bado. Nikamweleza habari za makaratasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi hata mimi hujaniambia," akasema. "Umejipunguzia mzigo tu." Lakini siku ile alikula chapati zangu, mbili.

Septemba mkaguzi alikuja kwa Miss Verna, kuuliza mdudu alifikaje Houston. Kampuni ilikuwa imeshaandika kwamba ilisaga kila kitu, kwa hiyo walikuwa wanatafuta magogo mengine yaliyotembea, na magogo yaliyokuwa na ruhusa ya kutembea yalikuwa ya Wenyeji. Nilikuwa jikoni. Jikoni kwake hakukuwa na mlango, ni pazia la shanga tu. Nilisikia mkaguzi anamuuliza kama aliwahi kupeleka ash Houston alipokwenda kuokota mbegu. "Magogo yangu yote yamemenywa," akasema Miss Verna, "mengine yako kwenye beseni langu la kuogea, nenda kaangalie." Mkaguzi akauliza tena, kwa heshima, kwa njia nyingine. Naye akanyamaza. Nikatoka na kahawa. Miss Verna aligeuza kichwa akanitazama, si kwa hasira, alinitazama kama mtu anayekusogezea kiti. Alikuwa anangoja. Mkaguzi akasema asante, nikasema karibu, nikamimina kahawa kwenye kikombe chake, nikamimina kwenye cha Miss Verna, nikarudi jikoni. Nilisikia Miss Verna akisema, "Sina la kuongeza." Alipoondoka mkaguzi, nilitoka. Alikuwa anakunja ukanda kidoleni, anaukunjua. "Ilikuwa zamu yako kuongea," akasema. Mpaka leo sijapata sentensi iliyonipiga kuliko hiyo, na mimi nimepigwa.

Kibali cha magogo kikasimamishwa kungoja mkutano wa jiji. Wale watatu aliowafundisha wakakaa na vikapu nusu. Nilijiambia nitasema kadi zikija. Nilijiambia nitasema yeye akipata nafuu, maana moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka, maji yanajaa miguuni. Hakupata nafuu. Alifariki katikati ya Oktoba, mchana, katika kiti chake, mimi nikiwa nimekwenda kumchukua Shiko shuleni. Kadi nazo hazikuja mwaka ule. Nilimwosha yeye mara ya mwisho kabla hawajamchukua, pale jikoni, na nilimwambia kwa Kiswahili kila kitu nilichopaswa kumwambia mkaguzi kwa Kiingereza. Hakikumsaidia mtu yeyote. Wiki tatu baadaye ndipo nilipokaa kwenye kile kiti cha plastiki, nikamsikia bwana mwenye shati safi, nikaona mwenyekiti anaandika.

Nilipomaliza kupiga kelele niligeuka. Cody alikuwa nyuma, masikio mekundu, ananitazama kama mtu asiyenijua. Mwenyekiti akaondoa miwani. "Mama, hapa si mahali pa hayo. Kama una malalamiko rasmi, kuna fomu." Nikasema nipe fomu. Nilikaa palepale, Shiko amelala kwenye mapaja yangu, nikaijaza kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, nyuma na mbele, na nikaikabidhi kwa mkono kabla taa hazijazimwa. Hivi ndivyo ilivyosema, kwa Kiswahili.

"Naitwa Muthoni. Ninaishi kwenye apartment zilizo kando ya kijito. Nalalamikia kampuni iliyokata miti ya ash kando ya kijito hicho mwezi wa Februari, na ofisi ya apartment iliyoiajiri. Walikuwa na sharti la kusaga magogo yote palepale. Hawakufanya hivyo. Walipasua kuni, wakazipanga kwenye maegesho yetu, wakaweka ubao unaosema BURE, na mfanyakazi wao aliniambia kwa mdomo wake kwamba ni safi na zimepimwa. Majirani wengi walichukua. Waulizeni, mlango kwa mlango. Walichowaandikia ninyi si kweli.

"Mimi nilichukua mzigo wa pickup nikaupeleka Houston, nyumbani kwa dada yangu, ng'ambo ya mtaro kutoka kwenye miti ya mbegu. Kuni hizo zilikuwa na matundu ya mdudu. Nilikuwa sijui nilipozibeba. Kuanzia mwezi wa tano nilijua, na nilinyamaza, na mlipokuja kumuuliza Miss Verna nilikuwa ndani ya nyumba hiyo na nilinyamaza tena. Yeye hakupeleka kitu Houston isipokuwa miguu yake mibovu na mfuko wa kuokotea mbegu. Alijua ni mimi. Hakunitaja.

"Naomba kibali cha watu wake cha kuchukua magogo kirudishwe. Naomba maneno yaliyosemwa leo juu ya watu wa vikapu yaondolewe kwenye kumbukumbu za mkutano, au haya yangu yawekwe kando yake, kwa urefu uleule. Naelewa kwamba naweza kushtakiwa, na kwamba makaratasi yangu ya kukaa nchini yako mbele ya serikali hiihii. Mume wangu hajui kwamba ninaandika. Asiulizwe yeye.

"Fomu yenu ina mstari mmoja tu wa jina la anayelalamikiwa. Nimeandika la kampuni, na kwa sababu nafasi imekwisha, nimeandika langu chini yake, pembeni. Msilifute."